Sikukosea Hata Nota Moja

Usiku wa kwanza nilipopewa taksim mbele ya watu sikukosea hata nota moja. Nalikumbuka hilo kwa sababu nilikuwa nikizihesabu. Nilikuwa na miaka 19, minne kati ya hiyo nikiwa nimeshinda na fidla begani, na kikundi kilichonipokea pale Mji Mkongwe, Unguja, kilikuwa na wapigaji wanne wa fidla, wote watu wazima, wote wanaume. Mimi nilikuwa wa tano. Tulipofika kwenye wimbo wa tatu kiongozi aliniinamishia kichwa, ganuni ikanyamaza na nyuzi zake, ngoma ya dumbak ikashuka, nikaachiwa uwanja. Upinde haukutetereka. Vidole vilikwenda kutua pale pale nilipovizoesha. Nilipomaliza watu walipiga makofi ya adabu, kama wanavyompigia mgeni rasmi anapomaliza hotuba.

Katika wimbo uliofuata taksim ilikuwa ya mzee aliyekaa kuliani kwangu. Huyo ndiye Maalim, na jina lake nitaliacha maana mwenyewe hakupenda kutajwatajwa. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa hakikunjuki tena sawasawa. Alianza na sauti moja ndefu, iliyokwaruza kabla ya kutulia. Akaiacha. Akairudia akiwa ameishusha kidogo mno, kama mtu anayetua mzigo wa vyombo vya udongo. Mama mmoja wa safu ya mbele akasema "Allah!" kwa sauti ya chini, wala hakuwa akimwambia mtu. Kisha mwingine. Hajafika katikati, ukumbi mzima ulikuwa ukimwitikia. Alipoteleza kwa kile kidole kibovu hakuna aliyeshtuka. Nilisikia mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa bado nahesabu.

Usiku ule nililia. Mafunzo yafuatayo yalianzia hapo. Hayakunijia kwa mpango huu, na mengine ilinibidi nifunzwe mara mbili.

1. Kazi yetu imo ndani ya jina lake

Neno taarab limetoka katika Kiarabu, na kwa wenyewe tarab ni ile hali inayompata mtu sauti inapomteka: anacheka, anatokwa na machozi, anatoa ukelele bila kukusudia. Sisi tumelichukua neno tukaupa muziki, tukasahau kwamba mwanzo lilikuwa jina la kinachomtokea msikilizaji. Maalim hakusahau. Kila baada ya onyesho alikuwa na swali lake moja tu: "Leo imewapata?" Hakuuliza kama tulianza pamoja, wala kama fidla ya tatu ilipanda juu kidogo. Ikiwa haikuwapata, alikuwa akisema leo tumepiga vyombo, twendeni tukalale.

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma kijana wa hapa kwenda Misri kujifunza ganuni, na ndivyo muziki huu ulivyoingia katika kasri. Ikhwani Safaa, kikundi kikongwe kuliko vyote visiwani, kilianzishwa mwaka 1905 na vijana wa mjini waliotaka nao waonje kilichokuwa kikipigwa kwa Sultani. Napenda kuwafikiria vijana wale. Hawakuwa na chuo wala cheti. Walikuwa na hamu ya kupatwa na kitu walichosikia kwamba kinawapata watu wengine.

2. Taksim haipikwi jana

Siku ya pili yake Maalim aliniita barazani kwake. Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nitoe fidla nimpigie tena taksim ya jana. Nikatoa na karatasi.

"Hii umeiandika lini?"

"Wiki mbili zilizopita, Maalim."

Aliitazama sana, mistari yote, maana nota alikuwa akizisoma vizuri kuliko wengi wetu. Akanirudishia. "Basi jana umetupigia ya wiki mbili zilizopita. Na wale watu, mwanangu, walikuja jana."

Kwa msomaji asiyejua, taksim ni kipande ambacho mpigaji mmoja hukizua papo hapo, bila mapigo ya ngoma, ili kuwaingiza watu katika makamu ya wimbo, yaani ile njia ya sauti ambayo wimbo utapita. Kuna rast, kuna bayati, hijazi, saba, na nyinginezo, kila moja na tabia yake. Mpigaji hupiga hodi kwenye sauti ya chini, akakaa hapo, akapanda polepole, akatoka kidogo kwenda kuitembelea makamu jirani, kisha akatafuta njia ya kurudi nyumbani. Kule kurudi ndiko watu wanakokungojea. Wanajua unarudi, hawajui utapita wapi, na ukitua wanatoa pumzi pamoja nawe. Ukiwa umeiandika njia nzima, wewe unajua kila kona na wao wanalihisi hilo. Hakuna anayeshika pumzi kwa ajili ya mtu asiyeweza kupotea.

Alinipa zoezi moja na nikalifanya kwa miezi. Uzi mmoja. Sauti tano za mwanzo za rast, basi. Robo saa bila kusimama, na sauti ya tano nisiiguse mpaka nione kwamba zile nne hazinitoshi tena. Siku za mwanzo nilichoka baada ya dakika mbili, kwa sababu nilizoea kujaza nafasi kwa mbio. Siku moja, sijui ya ngapi, nilikaa kwenye sauti ya pili muda mrefu sana na nikahisi kifuani kwamba ya tatu inaniita. Nilipoigusa nilishtuka. Ilikuwa ni sauti ile ile niliyoigusa mara elfu kabla ya siku hiyo.

3. Simu yangu haikuijua rast

Nilikuwa na programu ya kupimia sauti kwenye simu, ile yenye mshale: ukipatia unakuwa kijani, ukikosea unakuwa mwekundu. Niliiweka mbele yangu kila ninapofanya mazoezi. Nilipoanza kufanya zoezi la Maalim, ile sauti ya tatu ilikuwa nyekundu kila siku. Nikaipandisha mpaka ikawa kijani, nikafurahi, nikaenda kumpigia.

Alikunja uso. "Imekufa hiyo."

Sauti ya tatu ya rast haiko kwenye kitufe cheupe cha kinanda wala kwenye cheusi kilicho chini yake. Iko baina yao. Tena haikai mahali pamoja: Waturuki huiweka juu zaidi kuliko Wamisri, na mpigaji yule yule huisogeza kidogo akiwa anapanda na kidogo akiwa anashuka. Programu yangu ilitengenezwa kwa kipimo cha kinanda, kilichogawa sauti katika vipande 12 vilivyo sawa, na kila kilichoangukia katikati ya vipande hivyo ilikiita kosa. Nami nilikuwa nimeiamini kuliko nilivyoyaamini masikio yangu mwenyewe, masikio yaliyolelewa na adhana na kaswida na redio ya bibi yangu.

Hapa nisieleweke vibaya. Maalim hakusema kila sauti ni sawa. Alikuwa mkali sana juu ya sauti, na aliweza kunirudisha mara 30 kwenye ile ile moja. Alichokitaka ni kwamba niisikie inapotaka kukaa, kwa wimbo huu, kwa mwimbaji huyu, usiku huu.

4. Mpiga fidla aujue wimbo kwa maneno

Hili nalitaja kwa haraka kwa kuwa kila mzee wa taarab atakuambia, ingawa wengi wetu hatulifuati. Kabla ya kunifundisha mahadhi ya wimbo wowote, Maalim alinitaka niusome ubeti kwa mdomo, kisha nimweleze nani anamwambia nani, na kwa nini hakusema waziwazi. Nyimbo nyingi za taarab zina beti za mishororo mitatu, mizani 12 au 16 kwa kila mshororo, na ndani ya nafasi hiyo nyembamba mshairi huwa ameficha ugomvi mzima, au posa, au maiti. Fidla isiyojua kuna maiti ndani ya ubeti hucheka mahali pasipofaa. Nimezisikia fidla za namna hiyo, na yangu ilikuwa miongoni mwao.

5. Kilichotuvuta kwa Siti na kwa Bi Kidude

Nilimsikia Bi Kidude nikiwa mtoto, Ngome Kongwe, usiku, nimekaa mapajani mwa mama. Mwanamke mdogo wa umbo, kanga kiunoni, umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika. Alipofungua kinywa nilidhani anaumwa. Sauti ilikuwa nzito na kavu, na ilipopanda ilipasuka. Mama alinibana mkono. Nikamtazama usoni nikaona macho yake yamejaa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kwangu kuelewa kwamba wimbo unaweza kumfikia mtu mzima ambaye hata baba hawezi kumliza.

Baadaye sana, nikiwa nimeshajifunza kusoma nota, nilijaribu kuandika alichokuwa akiimba kutoka kwenye kanda. Nilishindwa. Mshororo ule ule aliuimba kwa njia tatu tofauti. Alichelewa pale ngoma ilipotua, halafu akaiwahi. Kuna mahali alisema maneno badala ya kuyaimba, na mahali pengine alikata pumzi katikati ya neno kama mtu aliyekabwa na kumbukumbu. Ukiyapima hayo kwa mtihani niliousomea mimi, angeanguka. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX na watu wanaosikiliza muziki wa dunia nzima, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 Unguja ilisimama. Hakuingia darasa lolote la muziki. Alikulia katika ngoma za unyago na katika kumsikiliza Siti binti Saad.

Na Siti? Binti wa Fumba, aliyetoka katika watu wa ufinyanzi, aliyekuwa akitembeza vyungu akiita wanunuzi njiani. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, hakuficha kwamba watu walimsema kwa sura yake na kwa asili yake. Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay na wenzake wakarekodi santuri zilizouzwa pwani nzima. Nazifikiria sana santuri zile kwa jinsi zilivyotengenezwa. Upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Sauti ilichorwa moja kwa moja kwenye nta. Ukikohoa, kimechorwa kikohozi. Hakukuwa na kukata na kuunganisha. Kwa hiyo tunachokisikia, kupitia mvumo na mikwaruzo yote ile, ni dakika tatu ambazo zilitokea kweli, katika chumba kimoja, kwa mwanamke aliyevuka bahari kwa sauti aliyoizoeza barabarani. Siku ambazo nimekata tamaa huwa nazirudia hizo.

6. Hisia ni deni la mazoezi

Baada ya haya yote nikaingia katika kosa la upande wa pili. Kwa karibu mwaka mzima niliacha mazoezi ya asubuhi, nikajiambia moyo unatosha. Ikafika harusi moja mtaani Ng'ambo. Wimbo ulikuwa wa saba, makamu ya huzuni, wenye mahali pagumu ambapo fidla inatakiwa kumpokea mwimbaji anaposhusha. Moyo wangu ulikuwa umejaa kweli. Vidole havikujua njia. Mwimbaji alishusha, akanikosa, akabaki peke yake hewani, na niliona shingoni mwake jinsi alivyoumia. Hakunilaumu. Tangu siku hiyo sijaruka mazoezi hata asubuhi moja, mpaka Idi. Vidole vinatakiwa vijue njia kiasi kwamba moyo usihitaji kuviangalia.

7. Wimbo ulionyooshwa

Miaka michache iliyopita tulikwenda kurekodi katika studio moja, siitaji. Fundi alikuwa kijana mpole na anaipenda kazi yake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alitutenganisha, kila mtu peke yake, na kile kidundo cha kompyuta masikioni. Dumbak la kwetu huwa linapumua: linakaza mwimbaji anapokaza, linalegea anapolegea. Kwa kidundo kile halikuweza. Mpigaji alitoka jasho jembamba, akaniambia, "Yakhe, nimepiga kama naandika mtihani."

Kisha akaja mwimbaji wetu. Aliimba kwa namna ambayo fundi mwenyewe, nilimwona kupitia kioo, aliacha kushika mashine. Tukafurahi. Wiki mbili baadaye tukaletewa kazi.

Ilikuwa imenyooshwa. Kila sauti ya mwimbaji ilikuwa imesogezwa na programu mpaka kwenye kitufe cha kinanda kilicho karibu nayo. Zile sauti za baina zimeondoka zote. Pale alipokwaruza pamelainishwa. Na fidla zetu tano, zilizopiga mahadhi yale yale huku kila moja ikiweka nakshi yake, huyu akitangulia kidogo, yule akizungusha mwisho wa sentensi, zilikuwa zimepangwa zikaanza na kuishia pamoja kama askari. Nilijaribu kumtambua Maalim katika ile sauti, mtu niliyekaa kushotoni kwake miaka mingi, nisimpate.

Tuliketi tukaisikiliza hadi mwisho. Mwimbaji alisema, "Huyu anaimba vizuri. Ni nani?" Aliuliza kweli.

Tuliomba turekodi upya. Tulikaa chumba kimoja, vyombo vyote, milango imefungwa, tukaimba mara mbili na tukachagua ya kwanza. Ndani yake mnasikika kiti kikilia, na kuna mahali fidla yangu imewahi kuingia. Nimeisikia hiyo sehemu mara nyingi na bado inanikera. Sitakubali iondolewe.

8. Inua macho

Maalim alinichukulia stendi ya nota mwezi wa pili wa kufundishwa naye, akaiweka nyuma ya mlango wake, na sidhani kama aliwahi kunirudishia. Ilinichukua muda kujua mahali pa kutazama. Kumbe mbele yangu muda wote palikuwa na watu.

Katika harusi za kwetu, ukumbi wa wanawake, mtu akiguswa na ubeti husimama. Huja polepole, akicheza kwa mabega na mikono, noti ameiinua juu ili ionekane, na safari yake kutoka kitini mpaka kwa mwimbaji ni jibu kwa ubeti ule: anamkubali mtu, au anampasha mtu, au anajililia mwenyewe mbele ya wote. Mwimbaji humwona anakuja na huurudia ubeti mpaka afike. Sisi wa vyombo ndio tunaoinyoosha barabara chini ya miguu yake. Kama unaangalia karatasi, utaimaliza barabara yeye akiwa bado katikati.

Wazee wetu waliokuwa wakikaa kwenye redio kusikiliza Cairo walilijua hili kwa Umm Kulthum, ambaye tamasha zake za Alhamisi ya kwanza ya mwezi zilirushwa hewani moja kwa moja. Wimbo wake mmoja ulifika saa nzima na kupita, kwa sababu watu walimwomba mshororo, naye aliwarudishia huo huo, kila mara kwa nakshi nyingine, mpaka waliokuwa ukumbini wakapiga kelele. Okestra kubwa nyuma yake, watu waliosoma muziki, walimngoja. Kazi yao kila usiku wa tamasha ilikuwa kujua lini hajamaliza.

9. Ninachofundisha sasa

Nina wanafunzi saba, wa Jumamosi. Mmoja ana miaka 11 na mkono mzuri kuliko niliokuwa nao mimi. Mwezi uliopita alikuja na taksim ameiandika kwenye daftari la hesabu, kwa penseli, safi kabisa, akaniomba nimwekee alama panapokosewa. Niliiangalia. Haikuwa na kosa. Nikalifunga daftari nikaliweka juu ya kabati, nikamwambia anipe rast, uzi mmoja, sauti tano, na asiwe na haraka.

Alianza, akasimama, akaanza tena, akasimama. Akaniambia, "Bi Mwalimu, sijui pa kuanzia." Nikamwambia tungoje basi, tuko mimi na yeye tu. Dirisha lilikuwa wazi. Kichochoroni alikuwa anapita muuza samaki na baiskeli yake, anaita, na lile neno la mwisho alilivuta kama wanavyolivuta, likapanda, likashuka, likatua mahali fulani pasipo na kitufe. Mtoto akageuza kichwa. Akainua upinde, akaitafuta ile sauti kwa kidole, juu kidogo, chini kidogo, mpaka akaipata ilipokuwa, akakaa hapo.